Uvimbe wa ubongo: Mashine zimeongezeka, mgonjwa angali anachelewa

VITA dhidi ya kansa nchini Kenya vimezoea kupimwa kwa hesabu ya mashine na mabilioni ya pesa. Kila serikali inapotaka kuonyesha ilichofanya, huelekeza kidole kwenye skani, mitambo ya mionzi na kiwango cha bima.

Msukumo huo ulipata nguvu mnamo Julai 2019, taifa lilipowapoteza katika mwezi mmoja Afisa Mkuu Mtendaji wa Safaricom Bob Collymore, Mbunge wa Kibra Ken Okoth na Gavana wa Bomet Joyce Laboso. Wote watatu waliugua kansa, na wote walikuwa wametafuta matibabu ng'ambo. Wananchi wakauliza: ikiwa vigogo hulazimika kuvuka bahari, mlalahoi wa Lodwar au Kwale atakimbilia wapi?

Tangu wakati huo mambo kadhaa yamebadilika. Hospitali Kuu ya Kenyatta, ambayo kwa miaka mingi ndiyo pekee ya umma iliyotoa tiba ya mionzi, imepata wenzake. Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Eldoret, ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta na vituo vya kimaeneo vya Mombasa, Nakuru na Garissa sasa vinatoa tiba hiyo. Mnamo Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua mahali pa NHIF, na mwaka uliofuata serikali ikatangaza kupandisha malipo ya kansa kwa kila familia kutoka Sh550,000 hadi Sh800,000.

Hatua hizo si haba. Hata hivyo, kuna ugonjwa mmoja unaofichua pengo ambalo mashine na bima peke yake haziwezi kuliziba. Ugonjwa huo ni uvimbe wa ubongo na wa uti wa mgongo.

Mgonjwa wa uvimbe huu hupitia mikono mingi kuliko karibu mgonjwa mwingine yeyote. Huanzia kwa afisa wa kliniki kijijini, akaenda kwa mpiga picha, kwa msomaji wa picha, kwa daktari wa upasuaji wa ubongo, kwa mwanapatholojia, kisha kwa mtaalamu wa mionzi. Mkono mmoja ukilegea, kazi ya mingine yote hupotea. Na mara nyingi mkono unaolegea ni ule wa kwanza, ambao hauhitaji mtambo wowote wa mamilioni.

Kwa hesabu, ugonjwa huu ni mdogo ukilinganishwa na kansa ya matiti, ya njia ya uzazi au ya tezi dume. Makadirio ya kimataifa ya mwaka wa 2022 yalionyesha kwamba Kenya ilikuwa na visa vipya vya kansa takriban 44,700, na vifo zaidi ya 29,000. Ubongo haukuwa miongoni mwa viungo vilivyoongoza orodha hiyo.

Ukali wake ndio unaotisha. Mwaka huo huo, duniani kote, watu wapatao 321,000 waligunduliwa kuwa na kansa ya ubongo na mfumo wa neva, huku watu wapatao 248,000 wakifariki kutokana nayo. Ni kansa chache ambazo idadi ya wanaofariki inakaribia kiasi hicho idadi ya wanaogunduliwa.

Sababu mojawapo ni umbile la kichwa chenyewe. Fuvu la mtu mzima ni sanduku la mfupa lisilopanuka. Ndani yake mna ubongo, damu na maji, kila kimoja kikiwa na nafasi yake. Kitu cha nne kikichipuka humo, hata kama si kansa, hakina pa kwenda ila kuvibana vile vingine. Ndiyo maana hata uvimbe ambao madaktari huuita wa kawaida, usiosambaa mwilini, unaweza kuua ukiachwa kukua mahali pabaya.

Dalili hutegemea mahali uvimbe ulipoketi. Uliopo karibu na sehemu inayoongoza mkono humfanya mgonjwa aangushe kikombe. Uliopo katika sehemu ya usemi humfanya akose maneno aliyoyajua tangu utotoni. Uliopo mbele ya ubongo huweza kumbadilisha tabia, mtu mpole akawa mkali na mwenye bidii akawa mzembe, na jamaa zake wakadhani amelewa au ameharibikiwa na maisha.

Hapa ndipo safari ya wagonjwa wengi inapopotea njia. Maumivu ya kichwa yanayomwamsha mtu alfajiri, tena yakiandamana na kutapika, hutibiwa kama malaria. Yasipopoa, huitwa homa ya matumbo. Dawa za kutuliza maumivu hununuliwa dukani wiki baada ya wiki. Anayeona ukungu hutumwa kutafuta miwani. Mwanamke aliyekosa hedhi na matiti yake yakitoa maziwa ilhali hana mimba wala mtoto anayenyonya, huambiwa ana matatizo ya uzazi, wakati ambapo huenda tezi ya pituitari chini ya ubongo ndiyo yenye uvimbe.

Kifafa kina masaibu yake. Mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka kifafa maishani akianguka leo, hiyo ni dalili inayohitaji picha ya ubongo. Lakini katika jamii nyingi nchini, kuanguka huko hufasiriwa kuwa ni pepo, majini au husuda ya jirani. Mgonjwa hupelekwa kwa mganga au kwenye maombi kabla ya kupelekwa hospitalini, na miezi hupita. Wazee hawakukosea waliposema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, ingawa katika ugonjwa huu wengi hawafichi. Huwa hawajui wanachokiugua.

Watoto nao huwa katika hatari ya pekee. Uvimbe mwingi wa watoto huota nyuma ya kichwa, mahali panapoongoza mizani ya mwili, na huziba njia ya maji ya ubongo. Mtoto huanza kupepesuka anapotembea, kutapika asubuhi na kuinamisha shingo upande mmoja. Kwa mtoto mchanga ambaye mifupa ya fuvu haijashikana, kichwa hupanuka kupita kiasi. Utepe wa kupimia wa fundi cherehani unatosha kuonyesha kwamba kuna jambo.

Ni muhimu kusisitiza kwamba sehemu kubwa kabisa ya maumivu ya kichwa haitokani na uvimbe. Kumpeleka kila anayeumwa na kichwa kwenye skani kungejaza hospitali za rufaa na kufilisi bima bila faida. Hoja hii hutolewa mara kwa mara na wasimamizi wa afya, na ina mashiko.

Jibu lake ni kwamba kuna dalili chache zinazotenganisha kichwa cha kawaida na kichwa cha hatari. Maumivu mapya yanayozidi kila wiki, kutapika asubuhi, kifafa kinachoanza ukubwani, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, kupungua kwa uwezo wa kuona na kubadilika kwa tabia ni miongoni mwazo. Afisa wa kliniki anaweza kuzitafuta kwa dakika kumi: amtazame mgonjwa akitembea kwa mstari ulionyooka, amwombe asukume mikono, alinganishe nguvu za miguu, kisha achungulie ndani ya jicho kwa kurunzi maalumu ya macho. Neva ya jicho iliyovimba humwambia kwamba shinikizo ndani ya fuvu limepanda.

Uchunguzi huo hauhitaji umeme wa kaunti wala mkandarasi wa kigeni. Unahitaji mtu aliyefunzwa, kifaa kidogo cha mkononi na muda wa kumsikiliza mgonjwa. Katika zahanati ambapo mhudumu mmoja huwaona wagonjwa wengi tangu asubuhi hadi jioni, muda huo ndio adimu kuliko yote.

Baada ya shaka kuingia, ndipo picha inapohitajika. Historia ya picha hiyo ina uhusiano wa moja kwa moja na uvimbe wa ubongo, na hata na bara la Afrika. Mtu wa kwanza duniani kupigwa skani ya CT, mnamo Oktoba 1, 1971 katika hospitali ya Atkinson Morley jijini London, alikuwa mgonjwa aliyeshukiwa kuwa na uvimbe wa ubongo. Mtambo huo ulibuniwa na mhandisi Godfrey Hounsfield. Hesabu zilizouwezesha zilikuwa zimefikiriwa mapema na Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kuwazia jambo hilo alipokuwa akifanya kazi katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town mnamo 1956. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka wa 1979.

Zaidi ya nusu karne baadaye, skani ya CT si muujiza tena. Hupigwa kwa dakika chache na huonyesha damu iliyovuja, maji yaliyozidi na uvimbe mkubwa. Ile ya MRI, inayotumia sumaku badala ya mionzi, huonyesha kwa undani zaidi na ndiyo inayotegemewa kwa uvimbe wa uti wa mgongo na ule ulio nyuma ya kichwa. Ni ghali zaidi, huchukua muda mrefu zaidi, na nje ya miji mikubwa bado ni nadra.

Kenya ilijaribu kuziba pengo la vifaa mnamo 2015, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta ilipozindua mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98 kote nchini, kwa makadirio ya Sh38 bilioni. Mpango huo ulizua uhasama mkubwa kati ya serikali kuu na kaunti, ambazo zililalamika kukatwa fedha kwa vifaa ambavyo hazikuviagiza. Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza ilitoa ripoti yake mwaka wa 2020, ikieleza kwamba baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa bure kwa kukosa umeme, maji, majengo yafaayo au wataalamu wa kuviendesha.

Funzo la mpango huo lingali hai. Skani isiyo na mtu wa kuisoma ni kamera tu. Wataalamu wa kusoma picha za ubongo ni wachache na wengi wamejikita Nairobi na miji mingine mikubwa. Teknolojia ya kutuma picha kwa intaneti imepunguza tatizo hilo, kwa kuwa picha iliyopigwa magharibi mwa nchi inaweza kusomwa jijini siku hiyo hiyo. Lakini hilo hutegemea hospitali kuwa na mkataba, mtandao usiokatika, na daktari anayejua amtumie nani jibu likirudi.

Kuna kosa lingine ambalo picha inaweza kulizaa. Si kila doa kwenye skani ni kansa. Katika mazingira ya Afrika Mashariki, kifua kikuu huweza kuingia ubongoni na kufanya donge linalofanana na uvimbe. Kikishambulia mifupa ya mgongo, huibana neva na kumlemaza mgonjwa sawa na kansa. Mayai ya minyoo tegu ya nguruwe, yakimezwa kupitia chakula au maji yaliyochafuliwa na kinyesi cha binadamu, huweza kuwa malengelenge ndani ya ubongo na kusababisha kifafa. Tatizo hilo limechunguzwa kwa miaka mingi katika maeneo ya ufugaji wa nguruwe wa kuzurura kama vile Busia. Kwa wagonjwa wenye virusi vya Ukimwi ambao kinga yao imeshuka, vimelea vya tokso huacha madoa yanayoweza kumhadaa hata daktari mzoefu.

Magonjwa hayo yote yana dawa tofauti na dawa ya kansa, na mengi hupona. Kumwambia mgonjwa wa kifua kikuu kwamba ana kansa ya ubongo ni kumhukumu kwa kosa lisilo lake. Kumpa mgonjwa wa kansa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita ni kumpotezea muda ambao hautarudi.

Ndiyo maana jibu la mwisho hutoka katika kipande cha nyama kinachotolewa na daktari wa upasuaji na kutazamwa na mwanapatholojia kwa darubini. Nayo elimu hiyo imesonga mbele kwa kasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka wa 2021 hautegemei tena sura ya chembe pekee. Unadai pia vipimo vya vinasaba, kwa sababu aina mbili za uvimbe zinazofanana kwa darubini zinaweza kutofautiana kabisa katika kasi yake na tiba inayozifaa. Maabara nyingi za umma hazijafikia kiwango hicho.

Tiba yenyewe huanza kwa kitu cha bei nafuu. Dawa ya deksamethasoni, iliyo katika hospitali nyingi, hupunguza uvimbe wa maji unaouzunguka ule wa nyama, na mara nyingine mgonjwa aliyekuwa hawezi kuzungumza huanza kuzungumza baada ya siku chache. Unafuu huo huwadanganya baadhi ya jamaa wakadhani amepona na kumrudisha nyumbani. Dawa hiyo haiondoi uvimbe. Hununua muda tu, na muda huo hauna budi kutumiwa.

Upasuaji ndio nguzo ya matibabu mengi. Daktari hufungua fuvu, akatoa uvimbe kwa kadiri inavyowezekana bila kuharibu sehemu zinazoongoza usemi au mwendo. Uvimbe wa meninjioma, unaoota kwenye utando unaofunika ubongo na kuwapata wanawake zaidi kuliko wanaume, kwa kawaida si kansa. Ukitolewa wote mapema, wagonjwa wengi hurejea kwenye kazi zao na kuishi miaka mingi. Uvimbe wa tezi ya pituitari mara nyingi hutolewa kupitia puani bila kupasua kichwa, na aina mojawapo hupungua kwa vidonge peke yake.

Ni hapa ambapo uzito wa kuchelewa hudhihirika. Meninjioma iliyogunduliwa ikiwa ndogo ni upasuaji wa kupangiwa tarehe. Meninjioma hiyo hiyo ikigunduliwa baada ya kuibana neva ya macho kwa miaka miwili, inaweza kutolewa kwa ustadi uleule na mgonjwa akaondoka hospitalini akiwa kipofu. Mashine ni zilezile na daktari ni yuleyule. Kilichobadilika ni tarehe.

Kwa upande mwingine, kuna uvimbe ambao hata utajiri hauwezi kuushinda. Glioblastoma, kansa kali zaidi ya ubongo inayoanzia humo humo, iliwaua Maseneta Edward Kennedy mwaka wa 2009 na John McCain mwaka wa 2018 nchini Marekani, licha ya wote wawili kupata huduma bora kuliko zote duniani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2005 ulionyesha kwamba kuongeza vidonge vya temozolomaidi kwenye tiba ya mionzi kulisogeza wastani wa maisha kutoka miezi 12.1 hadi 14.6. Ingawa wagonjwa waliokuwa hai baada ya miaka miwili walitoka asilimia 10 hadi 26, ushindi huo ulikuwa mdogo. Miongo miwili baadaye, matibabu hayo bado ndiyo msingi.

Ukweli huo una maana kwa sera ya Kenya. Familia inayouza shamba ili kumsafirisha mgonjwa wa glioblastoma hadi India inastahili kuelezwa waziwazi kile ambacho safari hiyo inaweza kuleta na kile isichoweza. Mara nyingi hakuna anayewaeleza. Harambee huitishwa, nambari ya paybill husambazwa, shamba huuzwa, na mgonjwa hurudi akiwa katika hali ileile, akiacha deni kwa watoto wake.

Watoto wenye meduloblastoma nao wako katika hali tofauti kabisa. Katika nchi tajiri, wengi wao huwa hai miaka mitano baada ya upasuaji, mionzi na tibakemia. Hao ndio ambao fedha za umma zingewarudishia miaka mingi zaidi ya maisha. Ndio pia ambao hupotea kwa urahisi, kwa kuwa kutapika kwa mtoto hakumshtui mtu yeyote.

Uvimbe unaobana uti wa mgongo una kanuni yake kali zaidi. Wengi wa wagonjwa hawa wana kansa iliyosafiri kutoka kwenye tezi dume, matiti au mapafu. Dalili ya kwanza huwa maumivu ya mgongo yanayozidi usiku mtu akiwa amelala. Kisha miguu hulegea, halafu mkojo na choo hukataa kuzuilika. Kutoka kulegea hadi kupooza huweza kuwa suala la siku, wakati mwingine saa.

Kanuni ambayo madaktari wameithibitisha mara nyingi ni hii: mgonjwa anayeanza tiba akiwa bado anatembea, kwa kawaida huendelea kutembea. Anayeanza akiwa ameshapooza, aghalabu hubaki kitini. Kwa mzee wa miaka 65 mashambani, tofauti hiyo ni kati ya kujihudumia na kuhudumiwa kila kitu hadi mwisho wa siku zake. Hata hivyo, maumivu ya mgongo ya mzee huchukuliwa kuwa kodi ya uzee na ya jembe, naye hupewa dawa ya kuchua.

Baada ya upasuaji huja mionzi, na hapo gharama ambazo bima haizioni hujitokeza. Tiba ya kawaida ya kansa kali ya ubongo huchukua vipindi 30, siku tano kwa wiki, yaani wiki sita. Kila kipindi huchukua dakika chache. Lakini mgonjwa wa Mandera au Turkana hawezi kwenda na kurudi kila siku. Anahitaji mahali pa kulala, chakula, nauli ya ndani ya mji na mtu wa kumwongoza, kwa kuwa mara nyingi haoni vizuri au huanguka kifafa. Mtu huyo wa kumwongoza naye ameacha shamba au biashara.

SHA hulipia mionzi. Hailipii godoro. Wagonjwa wanaokatiza matibabu katikati si lazima wawe wameshindwa na dawa. Wengine hushindwa na kodi ya nyumba, na pesa ambazo bima imekwisha kuzilipa huwa zimemwagwa mchangani.

Kuna njia zilizothibitishwa za kupunguza mzigo huo. Kwa wagonjwa wazee wenye glioblastoma, utafiti umeonyesha kwamba vipindi 15 vya mionzi kwa wiki tatu vinafaa, na vinaweza kuunganishwa na vidonge. Kwa uvimbe mdogo ulio mahali pagumu, mitambo kama ile ya CyberKnife katika Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta inaweza kulenga miale kwa usahihi na kumaliza kazi kwa vipindi vichache. Nchi ambayo wagonjwa wake husafiri mbali ina sababu kubwa zaidi ya kuzikumbatia njia fupi pale zinapofaa kuliko nchi ambayo mgonjwa hulala kwake.

Kinachohitajika sasa, kwa hivyo, ni kuitazama njia nzima. Serikali ina jeshi ambalo haijalitumia ipasavyo katika ugonjwa huu. Mnamo Septemba 2023, Rais William Ruto aliwazindua wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, wanaotembelea nyumba kwa nyumba wakiwa na mikoba ya vifaa. Wamefunzwa kupima shinikizo la damu na kuangalia lishe ya watoto. Kuwaongezea orodha fupi ya dalili za hatari za kichwa na mgongo hakungegharimu kiasi cha kutikisa bajeti.

Hatua ya pili ni rufaa yenye meno. Leo mgonjwa hupewa karatasi na kuambiwa aende hospitali kubwa. Akifika hupangiwa foleni kana kwamba safari yake ndiyo kwanza inaanza. Rufaa ya uvimbe wa ubongo inapaswa kutanguliwa na simu, picha zitumwe kabla ya mgonjwa, na kitanda kijulikane. Kwa uti wa mgongo unaobanwa, rufaa haina budi kuwa ya siku hiyo hiyo, sawa na mama mjamzito anayevuja damu.

Hatua ya tatu ni kwa SHA na kaunti kukubaliana kuhusu malazi ya wagonjwa wa mionzi karibu na vituo. Nyumba ya kawaida yenye vitanda na jikoni ni rahisi mno ikilinganishwa na mtambo mmoja wa mionzi, nayo ndiyo inayoamua iwapo mtambo huo utamaliza kazi yake.

Ya nne ni ukweli na huruma kwa wale ambao tiba haitawaponya. Tangu mwaka wa 1990, ilipoanzishwa Nairobi Hospice, Kenya imekuwa na ujuzi wa kuwatunza wagonjwa wa aina hiyo, kutuliza maumivu kwa mofini na kuwasaidia jamaa. Huduma hizo zingali zinaonekana kama mlango wa kukata tamaa. Kwa mgonjwa wa glioblastoma na familia yake, huweza kuwa huduma yenye thamani kuliko safari ya ndege.

Wapo watakaosema kwamba nchi inayokabiliwa na malaria, upungufu wa walimu na madeni makubwa haina nafasi ya kushughulikia ugonjwa wa wachache. Lakini njia inayomwokoa mgonjwa wa uvimbe wa ubongo ni ileile inayomwokoa aliyepasuka mshipa wa ubongo, aliyeumia kichwa kwa ajali ya bodaboda na mtoto mwenye maji ubongoni. Wote wanahitaji mhudumu anayetambua hatari, picha inayosomwa haraka, rufaa isiyokwama na daktari anayesubiri upande wa pili. Dunia yenyewe imelikiri hilo: mnamo 2022 mataifa wanachama wa Shirika la Afya Duniani yaliidhinisha mpango wa hadi mwaka wa 2031 wa kukabiliana na kifafa na magonjwa mengine ya neva.

Kenya imenunua sehemu ya mwisho ya njia hiyo kwa gharama kubwa. Sehemu ya kwanza, iliyo nafuu zaidi, ndiyo iliyosahauliwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika ugonjwa huu ukuta hujengwa kwa mashamba yaliyouzwa na macho yaliyopofuka kabla mgonjwa hajaiona skani.